Kifaa Kigeni Kwenye Wi-Fi Yako
Ukifungua ukurasa wa ruta ukakuta kifaa usichokijua, usikimbilie kumshuku jirani. Kila kifaa hujitambulisha kwa anwani ya MAC yenye alama 12, tarakimu na herufi, na zile 6 za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Lakini tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu nyingi hutumia anwani ya kubuni ili zisifuatiliwe, kwa hiyo mgeni huyo huenda ni simu iliyo mkononi mwako. Tazama alama ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, karibu kila mara anwani hiyo ni ya kubuni. Kisha zima Wi-Fi ya kifaa kimoja kimoja, usubiri kidogo maana orodha huchelewa, uone kipi kimetoweka. Runinga na kamera, ambazo wengi huzisahau, zihesabu pia. Wapo watakaosema huo ni usumbufu mtupu, badilisha nywila yaishe. Kubadilisha ni sawa, na kwa aliyeigawa kwa kila mgeni ni lazima. Ila kamera yenye kasoro utaiunganisha upya kwa mkono wako mwenyewe, na hatari yake itarudi nayo ndani bila wewe kujua.