Baiskeli Uluguru: Majibu kwa Madai Manne

Ukitaja mjini Morogoro kuendesha baiskeli kwenye njia za milima ya Uluguru, hukosi kukutana na madai manne. Wanaoyatoa wanaupenda mlima, nami nawaheshimu kwa hilo. Ila madai yenyewe hayasimami.

Dai la kwanza: "Baiskeli zitaleta mmomonyoko na kuharibu maji ya Dar es Salaam."

Hofu hii ina msingi, maana mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, unapata maji yake Uluguru. Lakini mwaka 1994 watafiti Wilson na Seney walichapisha vipimo vya njia za milimani za Montana, Marekani. Walikuta kwamba kwato za farasi na nyayo za watu hulegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Adui wa njia ni mteremko mkali na maji ya mvua yasiyopewa pa kutokea. Dawa yake ni kuchimba michirizi ya kuyatoa maji pembeni, na kuacha kuendesha baiskeli wakati wa masika.

Dai la pili: "Kule ni hifadhi, hakuna ruhusa."

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ni misitu ya juu. Chini yake kuna njia nyingi za vijiji, kama zile za Mgeta zinazopita kati ya mashamba ya mboga. Huko mwenye kauli ni kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ndani ya hifadhi kauli ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, na sisi waendesha baiskeli hatuombi ikatwe njia mpya hata moja, maana msitu ule una ndege, Malaconotus alius, asiyeishi kwingine popote duniani.

Dai la tatu: "Msitu na baiskeli havipatani."

Nendeni Karura, Nairobi. Msitu ulioponea chupuchupu kugawiwa wajenzi, ukapiganiwa na Wangari Maathai, leo una njia za baiskeli. Shirika la Misitu la Kenya linausimamia pamoja na wananchi wa jirani, na kiingilio husaidia kuutunza.

Dai la nne: "Wanakijiji watalazimishwa."

Hili ndilo zito kuliko yote, na historia iko upande wa wanaolisema. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukaporomoka. Kwa hiyo jibu letu ni sharti tunalojiwekea wenyewe: bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, hakuna baiskeli. Ada iingie katika mfuko wa kijiji. Mama aliyejitwisha kapu la mboga apishwe kwanza, na mwenye baiskeli ashuke.

Waendesha baiskeli wa Morogoro, undeni chama, kisajilini, kisha pandeni vijijini mkiwa na majembe kabla ya kupeleka maombi. Rekebisheni njia inayotumiwa na watoto kwenda shule. Mlima huu una wenyewe, na idhini yao ndiyo njia ya kwanza ya kufungua.