Baridi yabisi: Jina moja, magonjwa mawili na matumizi ya antibiotiki

JINA la baridi yabisi limetumika kwa miaka mingi Afrika Mashariki kueleza karibu kila maumivu ya viungo. Ndani ya jina hilo, hata hivyo, yamo magonjwa mawili yanayohitaji tiba tofauti. Kwa ugonjwa mmoja, dawa za antibiotiki huokoa maisha. Kwa mwingine, faida yake ni ndogo, ilhali zikitumiwa kwa miezi mingi huweza kuudhuru utumbo.

Ugonjwa wa kwanza ni homa ya baridi yabisi. Huanza kwa maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria wa aina ya streptokokasi, hasa kwa watoto wa umri wa kwenda shule. Wiki chache baadaye, kinga ya mwili iliyochochewa na bakteria hao hushambulia viungo na moyo. Maumivu ya viungo hupoa, lakini vali za moyo huweza kubaki na makovu, na kila shambulio jipya huzidisha madhara.

Kwa sababu hiyo mtoto aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka kadhaa. Utafiti uliofanyika nchini Uganda na kutangazwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto na vijana 818 ambao mioyo yao ilikuwa na dalili za awali. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Kwa watoto hawa, kuacha dawa kwa hofu ya madhara ya tumbo ni kuuhatarisha moyo.

Ugonjwa wa pili huwapata zaidi watu wazima, na wanawake kuliko wanaume. Vidole na vifundo vya mikono huvimba, hukakamaa asubuhi na hatimaye hupinda. Hapa kinga ya mwili huvishambulia viungo bila kijidudu kinachojulikana kuwa chanzo.

Daktari wa Marekani, Thomas McPherson Brown, aliyefariki mwaka 1989, aliamini kwamba kijidudu hicho kipo, akawatibu wagonjwa wake kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini kwa muda mrefu. Wengi walimpuuza, lakini hoja yake ilipimwa. Mwaka 1995 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 219, baadhi wakipewa minosaiklini na wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 48, uvimbe ulipungua kwa asilimia 54 ya waliopewa dawa na asilimia 39 ya wasiopewa.

Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa ya wastani. Haikuthibitisha pia kwamba kuna kijidudu kilichouawa, kwani minosaiklini hutuliza uvimbe na kuzuia vimeng'enya vinavyokula gegedu. Wakati huohuo methotreksati na dawa nyingine mpya zilionyesha nguvu zaidi. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2015 haukuiweka tena minosaiklini katika mapendekezo yake.

Suala la utumbo ndilo limeurejesha mjadala huu. Mwaka 2013 watafiti wa New York waliripoti kwamba bakteria aitwaye Prevotella copri alikutwa kwa asilimia 75 ya wagonjwa wapya ambao hawajaanza tiba, na kwa asilimia 21 tu ya watu wenye afya. Kukutwa pamoja si ushahidi kwamba mmoja amemsababisha mwingine. Hata kama ingekuwa hivyo, antibiotiki haichagui. Humwua adui pamoja na bakteria wanaosaidia mwili, na kuacha nafasi kwa Clostridioides difficile, anayeleta kuhara kukali.

Salfasalazini, ambayo bado hutumika kwa ugonjwa huu, ni mfano mwingine. Iliasisiwa na Profesa Nanna Svartz wa Sweden kwa kuunganisha dawa ya kuua bakteria na dawa ya kutuliza uvimbe. Ikifika katika utumbo mpana, bakteria waliomo ndio huivunja ili ifanye kazi. Anayewaangamiza bakteria hao huweza kuidhoofisha dawa yake mwenyewe.

Afrika Mashariki mjadala huu haubaki maabara. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache, methotreksati huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, na doksisaiklini hupatikana kwa bei nafuu katika duka la dawa la jirani. Ni rahisi mgonjwa aliyechoka na maumivu kuinunua bila cheti. Wakati huo viungo huendelea kuharibika, na usugu wa bakteria huongezeka. Usugu huo ulikadiriwa kuwaua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Hivyo, mgonjwa anayeambiwa ana baridi yabisi ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo mbili. Mzazi wa mtoto wa sindano asikose tarehe hata moja. Mwenye vidole vilivyovimba kwa zaidi ya wiki sita amwone daktari mapema, kwa kuwa kiungo kikishapinda hakuna kidonge cha kukinyoosha.