Kabla kabati halijapanda juu ya paa

Minara ya simu na intaneti inazidi kuota juu ya mapaa ya Goma na Bukavu. Wakaaji wa chini wanauliza kama nyumba itabeba kabati la chuma na betri zake. Wana haki. Ila ni wachache wanaouliza waya wa ardhi unafika wapi.

Swali hilo ndilo la kuua ao kuponya watu. Kabare, jirani na Bukavu, ni kati ya mahali penye radi nyingi kabisa duniani: uchunguzi wa setilaiti uliotolewa 2016 ulihesabu mimweko karibu 205 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba.

Goma kuna shida ya pili, jiwe la volkano. Likiwa kavu, halipitishi umeme vizuri, na fimbo ya shaba haliingii. Fundi mwenye haraka anaikata, anafunika na simenti, anaenda. Radi ikipiga, itatafuta njia yake kwenye mabomba na nyaya za jirani.

Dawa inajulikana: mtaro mrefu, waya wa shaba usio na ganda, udongo unaoshika maji, mlingoti na kabati vikiunganishwa pamoja, yote kabla ya kuwasha umeme. Kisha kupima; mafundi wengi wanatafuta ukinzani usiozidi omu 10.

Mwenye nyumba anayekodisha paa aombe karatasi ya kipimo hicho, na kirudiliwe kiangazi, udongo ukikauka. Bila karatasi, kabati libaki chini.