Nani Aliwafundisha Kusema "Chizi"?

Akina mama wenzetu, ukipita mwaloni Kirumba saa wanafunzi wanapotoka shule, usishangae kukuta vijana wenye sare wakimfuata mgonjwa wa akili, wakimzomea na kumwita chizi. Watu wazima hutazama, wengine hucheka.

Neno hilo hawakulipata darasani. Nyumbani mtoto akimwaga maziwa huambiwa, "Una wazimu wewe?" Akirudia, hutishiwa kupelekwa Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imetibu wagonjwa tangu enzi za mkoloni, lakini vinywani mwetu jina lake limekuwa tusi.

Tusi hilo halimuumizi yule wa mwaloni peke yake. Linamfunga mdomo binti wa kidato cha pili ambaye wiki tatu sasa hapati usingizi wala hamu ya kula, au mvulana aliyeanza kusikia sauti wasizozisikia wenzake. Amwambie nani, na jana alikuwa miongoni mwa waliozomea? Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huwa yameanza kabla ya miaka 18. Ndio umri wa hao wanaozomea!

Mkoani Arusha walimu wa sekondari walipewa mafunzo ya siku chache juu ya afya ya akili, ili nao wawafundishe wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa ujuzi wao uliongezeka na dharau yao kwa wagonjwa ikapungua. Kama mwalimu alihitaji kufundishwa, sembuse kijana?

Kwa maoni yetu, mama asingoje shule. Mnapochambua dagaa, mweleze mwanao kwamba ubongo huugua kama ini. Kwamba sonona ni ugonjwa, si uvivu. Kwamba kumwuliza rafiki kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Akijibiwa "ndiyo", asiifanye siri, aje kwako upesi.

Tuombe, naam. Ila mtoto asifungiwe chumbani kwa maombi ya miezi huku Bugando pana idara ya magonjwa ya akili. Waweza kuanzia kituo cha afya cha jirani, wakuandikie rufaa. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku hiyohiyo. Na jirani akiuliza mwaelekea wapi, mjibu "hospitali", kama ungemjibu siku ya malaria.