Mungu Yupi? Dhidi ya Tafsiri ya Haraka

Umezuka mtindo miongoni mwa wahakiki wetu wa kuuliza iwapo mhusika fulani, au jamii nzima, 'inaamini Mungu', na kuridhika na jibu la ndiyo au la. Makala haya yanaupinga mtindo huo. Swali hilo halijibiki kabla ya kujulikana neno lenyewe limebeba nini.

Tuchukue ngano ya Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, Homa Bay. Ajuza ananyimwa hifadhi na wanakijiji walio katika karamu. Mwanamke mmoja tu ndiye anayempokea. Mvua inanyesha na kijiji kinazama. Mhakiki huandika papo hapo kwamba 'Mungu aliwaadhibu'. Nani kamwambia? Kiini cha ngano hakimhitaji Nyasaye. Wanaotenda ni ajuza na maji. Sodoma ameileta mhakiki mwenyewe, kisha anadai ameikuta.

Tuvuke hadi Migori. Huko Got Kwer alizikwa, mwaka 1991, Simeo Ondeto, mwanzilishi wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki katika miaka ya 1960. Wafuasi wake humwona kuwa ni Kristo aliyewajia Waafrika. Wao na jirani yao Mkatoliki husema Nyasaye, neno lile lile. Je, wanaamini kitu kimoja? Kamusi haitujibu, ibada hutujibu.

Tutaambiwa kwamba John Mbiti, mwaka 1969, alikwisha kuonyesha kuwa Waafrika wote walimjua Mungu. Okot p'Bitek alilipinga dai hilo: miungu yetu, alisema, ilivishwa mavazi ya Kiyunani. Hoja yake ina uzito, ila nayo haitoshi. Nyasaye anayeombwa leo Homa Bay ameishi na Biblia kwa vizazi kadhaa. Kumvua mavazi hayo ili tumpate 'wa asili' ni kubuni mungu mwingine tena, safari hii wa wasomi.

Hatusemi tafsiri ikomeshwe. Tunasema mshono wake uonekane. Anayeandika Mungu mahali pa Nyasaye, na uchawi mahali pa juok, amekwisha kutoa hukumu ya kidini kabla ya kuanza uhakiki. Aeleze kwanza neno hilo linatumiwa na nani, kuomba nini, na kumwogopesha nani. Asipofanya hivyo, anachokihakiki ni imani yake mwenyewe.