Mtoto Anayetumwa Dukani

Katika kliniki zetu za watoto, maswali yanayoulizwa ili kujua kama mtoto ameanza kujitegemea mara nyingi hubeba majibu yake ndani: Je, analala peke yake? Je, anatumia kijiko mwenyewe? Maswali hayo yanafaa pale ambapo kujitegemea maana yake ni kujitenga kidogo na mama. Katika familia nyingi za kwetu, mtoto aliyekwisha kupata akili ni yule anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili, ingawa usiku bado analala na bibi yake.

Tofauti hizi huanza mapema mno. Mwaka 1976, mtafiti Charles Super alieleza jinsi Wakipsigis wa Kenya walivyowafundisha watoto wachanga kukaa: walimchimbia mtoto kishimo kidogo ardhini, wakamwegemeza kwa blanketi. Watoto hao walikaa takribani mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Wanaodai kwamba Mwafrika huzaliwa na misuli ya haraka wangeutafakari ukweli huo wa pili.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaolitumia neno "mila" kufunika kila ucheleweshaji. Shirika la Afya Duniani, baada ya kuwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya takribani miezi 8 na 18. Muda huo ni mpana, lakini una mwisho. Aliyeupita apimwe, awe wa Bomet au wa Boston.

Liko pia kosa la upande wa pili, nalo hunitia hofu zaidi. Binti wa miaka tisa anayepika uji na kumbeba mdogo wake huonekana mtu mzima. Basi akiugua kisukari, hukabidhiwa sindano ya insulini na kuachwa. Kukadiria dozi si kama kuchota maji. Anahitaji mkubwa wa kumsimamia, hata katika ujana.

Napendekeza swali moja liongezwe kliniki: "Nyumbani mnamtuma kufanya nini?" Mama akijibu kwamba hatumwi kwa kuwa bado mdogo, tuzungumze. Akijibu kwamba hatumwi kwa kuwa akiitwa hageuki, apimwe masikio siku hiyohiyo.