KUMFUKUZA NESI HAKUMPONYI MGONJWA



Kila mara mgonjwa anapokufa kifo ambacho kingezuilika, mambo huenda kwa desturi ile ile. Magazeti hupiga kelele siku tatu. Mkubwa mmoja hujitokeza mbele ya wapiga picha akasema kwamba uchunguzi umeanza. Kisha barua huandikwa. Barua hiyo haiendi kwa yule aliyekataa kuajiri watu, wala kwa yule aliyeacha friji ya dawa ikae mwezi mzima bila fundi. Yaenda kwa nesi wa zamu. Jumatatu nesi mwingine husimama pale pale, na idadi ile ile ya wagonjwa, na friji ile ile mbovu.

Twasema wazi kwamba desturi hiyo inaua watu, na ya kwamba sisi katika vyama tumeivumilia mno. Tumekuwa mafundi hodari wa kumtetea mwenzetu baada ya msiba. Kabla ya msiba hatuonekani.

Kumbukeni mambo ya mwaka 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Walikuwapo wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni, naye alipaswa kupasuliwa. Wa pili alikuwa na uvimbe wa kichwa tu, hakuhitaji kisu. Vitambulisho vikachanganywa, akapelekwa yule asiyehitaji. Kichwa kikafunguliwa, wakatafuta damu iliyoganda kwa muda mrefu, hawakuiona. Kwa bahati mgonjwa hakufia mezani. Wakasimamishwa kazi daktari aliyekuwa mafunzoni, manesi wawili na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Safari hiyo, tuseme kweli, hata mkuu wa hospitali alipewa likizo ya lazima na Waziri. Lakini fikirini. Kati ya kitanda cha wodini na kisu cha daktari pana mikono mingi: anayevalisha kitambulisho, anayesukuma troli, anayempokea mgonjwa mlangoni, anayemlaza usingizi, anayempasua. Ikiwa mgonjwa asiyehusika aweza kupita mikono hiyo yote asizuiliwe, basi ubovu hauko katika mkono mmoja. Njia yenyewe haina kizuizi.

Na kizuizi chajulikana. Katika miaka ya 2007 na 2008 kilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, London na Toronto zikiwamo, na mojawapo ilikuwa jirani zetu, hospitali ya Ifakara huko Tanzania. Si mashine. Ni karatasi moja yenye mambo 19, ambayo watu wote walio katika chumba cha upasuaji huyasoma kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Dawa gani humdhuru? Damu ipo? Vitambaa na sindano vimehesabiwa vikatimia? Na kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake. Matokeo yalipotolewa mwaka 2009, ilionekana kwamba kabla ya karatasi hiyo walikuwa wakifa wagonjwa 15 katika kila elfu. Baada yake walikufa 8. Wale waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika mia hadi 7.

Sasa mabwana wakubwa wakisikia habari hizo hufurahi sana, kwa maana karatasi ni rahisi. Hupiga chapa elfu moja, hubandika ukutani, hutoa amri. Basi na wasikie habari za Ontario, Kanada. Huko serikali iliamuru hospitali zote zitumie karatasi hiyo. Hospitali 101 zikachunguzwa, taarifa ikatoka mwaka 2014: vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Wenyewe walikuwa wakiripoti kwamba karatasi imetumika karibu kila mara! Nanyi mfanyao kazi katika vyumba hivyo hamhitaji mtu wa Kanada awaeleze jambo hili. Mnajua vile alama zinavyotiwa karatasini baada ya mgonjwa kushonwa, kalamu ikikimbia kutoka juu hadi chini. Mnajua pia yanayompata nesi mdogo amwambiaye daktari mkubwa, "Bwana, hatujahesabu vitambaa." Karatasi haina nguvu mahali ambapo anayeisoma aweza kufokewa kwa kuisoma.

Tuje kwa akina mama, kwa maana hapa ndipo aibu ilipo kubwa zaidi. Mama akiisha kujifungua huweza kuvuja damu, na kwa muda mrefu damu hiyo imekuwa ikipimwa kwa macho. Nesi hutazama shuka, hutazama sakafu, hukisia. Jicho la mtu aliyekesha hukosea, na hukosea upande wa kusema ni kidogo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika hospitali 78 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, akina mama zaidi ya 200,000. Upande mmoja waliendelea kama desturi. Upande wa pili waliwekewa chini ya mwili plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, damu yote ikaingia humo ikasomwa kama mafuta katika chupa ya dukani. Ikifika alama, haisubiriwi amri: tumbo linakandwa, dawa ya kukaza mji inatolewa, na dawa ya kuzuia damu, na maji ya mshipani, na mama anakaguliwa, yote pamoja kwa mfululizo. Si moja, kisha kungoja, kisha nyingine.

Je, tofauti ilikuwaje? Pale palipopimwa kwa macho, nusu tu ya waliovuja damu kupita kiasi ndio waliotambuliwa. Pale penye plastiki, 93 katika mia. Na waliofikia hatari kubwa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwayo, walikuwa 43 katika elfu upande wa kwanza, na 16 upande wa pili. Manesi ni wale wale tuliosoma nao vyuo vile vile. Hawakugeuka kuwa hodari zaidi usiku mmoja. Walipewa kitu cha kupimia, dawa zikakaa karibu, na ruhusa ya kuanza bila kumtafuta mkubwa kwa simu.

Lakini dawa ile ya kukaza mji hutaka baridi. Ikikaa juani au katika friji isiyo na umeme nguvu yake hupungua, na kichupa hakibadiliki sura. Nesi huchoma sindano kwa imani njema, mama huzidi kuvuja. Asubuhi nani ataandikiwa barua? Aliyechoma.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye neno ambalo waajiri wetu, wawe wa kaunti, wa Serikali Kuu au wa hospitali za watu binafsi, hawapendi kulisikia: hesabu ya watu. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walitangaza hesabu waliyoifanya katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulizidi kwa 7 katika mia. Mgonjwa mmoja tu! Katika wodi za watoto wachanga hapa Nairobi watafiti walikaa wakatazama kazi kwa macho yao, wakaona jambo lile lile: kadiri watoto wanavyozidi kwa nesi mmoja, ndivyo kazi za lazima zinavyoachwa. Si kwa uvivu. Mikono ni miwili.

Manesi wa California walilishika jambo hili kama tunavyoshika sisi mishahara. Walisumbua mpaka sheria ikapitishwa mwaka 1999, nayo tangu mwaka 2005 yasema nesi wa wodi ya kawaida asipewe wagonjwa zaidi ya watano. Watano! Najua mnacheka. Chekeni, lakini mjue kwamba walioipata walikuwa wafanya kazi wenye chama kama sisi, hawakuletewa na mtu.

Tutaambiwa watu hawapo. Uongo mtupu. Mwaka 2021 Serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili manesi wa Kenya wasio na kazi waende kuajiriwa huko. Basi wapo, wamesoma, wana vyeti, na wagonjwa wa Uingereza wanawafaidi. Tutaambiwa tena kwamba fedha hazipo. Lakini fedha za kumlipa fidia mjane baada ya kesi zatoka mfuko gani?

Sasa neno kwa sisi wenyewe, maana si haki kumkaripia jirani huku nyumba yako ina vumbi. Wako wenzetu wasemao usalama wa mgonjwa ni mambo ya madaktari na baraza lao, chama kishughulike na marupurupu. Hao wamepotea. Mfagiaji ndiye wa kwanza kuona mfereji wa wodi umekauka na watu wanakwenda kitanda hadi kitanda bila kunawa. Msukuma troli ndiye ajuaye kwamba mtungi wa oksijeni alioupeleka jana ulikuwa tupu. Mpishi, karani, mfua nguo, wote wana macho. Wakinyamaza kwa kusema "si kazi yangu", wanamsaidia tajiri bila malipo.

Tena liko jambo baya zaidi, na nalisema nikijua wengine watakasirika. Ni kadi za wagonjwa. Nesi mmoja ana wagonjwa arobaini, anapaswa kupima joto, mapigo na pumzi za kila mmoja kila saa nne, haiwezekani, na bado ikifika saa kumi na mbili asubuhi kadi zote zimejaa, kila mgonjwa ana joto zuri. Ndugu, kadi hiyo ni mkuki tunaomfulia adui. Siku mgonjwa akifa, mwajiri ataitoa aseme: tazameni, kazi ilitosha watu, kila kitu kilipimwa. Nasi tutasemaje kwamba tulikuwa wachache, ikiwa mwandiko wetu wasema tulitosha? Chama hakiwezi kutetea tarakimu iliyobuniwa. Chaweza kutetea nafasi iliyoachwa wazi, ikiwa imeandikwa kando yake: "Haikupimwa. Nesi 1, wagonjwa 40."

Kwa hiyo mambo haya yaletwe katika mikutano ya matawi. Kwanza, katika mkataba ujao na waajiri iandikwe hesabu ya wagonjwa kwa nesi, wodi kwa wodi, iwekwe ukurasa mmoja na mishahara, isiachwe kuwa nyongeza ya kufutwa saa ya mwisho. Pili, mtu anayesimamisha kazi ili kuuliza jina la mgonjwa au kuhesabu vitambaa asiadhibiwe, na atakayemfokea, awe na cheo gani, ajibu kwa maandishi. Tatu, kifo kikitokea, kabla ya barua yoyote kwenda kwa mfanya kazi, ichunguzwe zamu nzima: watu wangapi walikuwapo, vifaa gani vilikosekana, nani aliarifiwa na lini.

Na kuanzia usiku huu kila wodi iwe na daftari moja la kawaida la kurasa 96. Anayeingia zamu aandike tarehe, wagonjwa wangapi, manesi wangapi, mfereji watoka maji au hapana, friji ina baridi au hapana, mitungi ya oksijeni mingapi imejaa. Atie sahihi. Anayetoka atie sahihi. Majina ya wagonjwa yasiandikwe humo. Mwisho wa mwezi mwakilishi wa wodi afanye nakala ailete kwa katibu wa tawi. Daftari lenyewe lisitoke wodini, hata likiombwa kwa maneno matamu.